Ijumaa Hana Ulimi, Nani Amsemee?

Ukitaja Robinson Crusoe, wengi tunakumbuka mzungu, kisiwa na mtumishi wake Ijumaa. Daniel Defoe alikitoa kisa hicho mwaka 1719. Mwaka 1986 J. M. Coetzee wa Afrika Kusini akakivunja na kukijenga upya katika riwaya yake, Foe.

Safari hii anayetupwa kisiwani ni mwanamke, Susan Barton. Cruso ni mzee mchovu, anajenga matuta kwa mawe ilhali hana hata mbegu ya kupanda. Ijumaa ni Mwafrika aliyekatwa ulimi. Nani kamkata? Kila jibu lina mashaka. Susan akifika Uingereza anamtafuta mwandishi, Foe, amwandikie kisa chake. Foe anataka mambo ya kusisimua zaidi. Utamu uko hapo: wawili wanagombea hadithi, mwenye jeraha kakaa pembeni, kimya.

Coetzee, mzungu aliyeandika enzi za ubaguzi wa rangi, hakutaka kumsemea Mwafrika. Sawa, ni heshima. Lakini nina ugomvi naye. Ijumaa anapiga filimbi, anacheza akizunguka, anatawanya maua baharini. Sisi wa Kisarawe tuliokulia kwenye mdundiko tunajua ngoma husema. Kwa nini basi ibaki fumbo tu?

Na sisi waandishi chipukizi je? Tumekaa zetu Kibaha, tunamwandika bibi wa Maneromango kwa midomo yetu, hatujamwuliza kitu. Bibi yule ulimi anao! Nenda kaketi naye, msikilize, ndipo ushike kalamu.