Kifaru cha Mezani

Fundi mmoja wa Kijenge Juu ameunda kifaru cha Kichina, Type 59, kwa kipimo cha 1 kwa 35, kiasi kwamba mwili wake haupiti urefu wa kalamu ya risasi. Kazi ya mkono ni safi. Magurudumu ni matano kila upande, na pengo kati ya la kwanza na la pili lipo, jambo ambalo wengi hulisahau.

Ugomvi wangu ni rangi. Yeye asema ni kifaru cha vita vya Kagera kilichofika Kampala, lakini amekipaka vumbi la kahawia, lile lile linaloingia madirishani mwetu hapa chini ya Meru. Kule udongo ni mwekundu. Na Kampala ilitwaliwa tarehe 11 Aprili, 1979, wakati wa masika. Tope li wapi? Tena minyororo ameijaza kutu. Mnyororo unaotembea husuguliwa na ardhi ukang'aa. Kutu iliyokolea hivyo, ndugu msomaji, ni ya kifaru kilichotelekezwa porini. Amemfanya mshindi kuwa mzoga.

Nimemshauri asugue minyororo kwa mswaki mkuukuu, asage kipande cha tofali la kuchoma, unga wake auchanganye na gundi, apake mpaka usawa wa magurudumu. Mzinga auache ulivyo. Pale amepatia.