Bariadi, Mji wa Pamba

Bariadi ni makao makuu ya Mkoa wa Simiyu, uliomegwa kutoka Shinyanga na Mwanza mwaka 2012. Mji una halmashauri yake, na wilaya nyingine za mkoa ni Busega, Itilima, Maswa na Meatu. Wakazi wengi ni Wasukuma, wakulima na wafugaji hodari.

Sifa kubwa ya mji ni pamba, na inastahili. Huchumwa kwa mkono, hutenganishwa safi na chafu, kisha hupimwa kwenye vyama vya ushirika. Viwandani nyuzi huchambuliwa, mbegu hukamuliwa mafuta, mashudu hulisha ng'ombe, hakipotei kitu. Mwaka 2018 viwanja vya Nyakabindi, hapa Bariadi, vilipokea maonesho ya wakulima ya Nane Nane kitaifa, heshima waliyoitolea jasho wakulima hawa.