Kijitabu Kisicho na Besi

Ubeti wa tatu, wimbo namba 14, Jumapili ya Matawi. Mliokuwepo mlisikia, na msiokuwepo mmeshasimuliwa, maana Ifakara habari ya kwaya haihitaji redio. Soprano waliingia vizuri, alto wakawafuata kwa shida, halafu pale ambapo waimbaji wa tena huachiwa uwanja peke yao kwa mapigo manne, pakawa kimya. Hakikuwa kimya cha pumziko. Kilikuwa kimya cha wanaume kumi na mmoja waliofungua ukurasa wakakuta sauti yao haimo. Kufika pigo la tatu wakaamua kumfuata soprano, oktavu moja chini. Besi nao wakaona isiwe tabu, wakadandia. Wimbo wa sauti nne ukamalizika kwa sauti moja yenye ghorofa mbili, na pengo lililobaki mpiga kinanda akalijaza ngoma za mashine. Biti za kubonyeza nilishazisema sana katika safu hii, leo nazipita.

Tena hawakukosea. Aliyekosea ni kijitabu, na nasema mapema ili asiyependa aishie hapa: uamuzi wa kuchapa nyimbo zetu maneno matupu, bila nota, ulikuwa mbaya tangu ulipotajwa mezani, na bei ya karatasi haitautakasa. Kwaya siitaji, hasa kwa kuwa bado naiimbia. Bonde la Kilombero ni refu, na kutoka Kidatu hadi Mlimba sidhani kama ni sisi peke yetu.

Haki ya kijitabu kwanza. Jalada ni zuri, maneno hayana makosa ya herufi, namba zinalingana na za ubao wa kanisani, na waya wa pembeni unakiacha kilale wazi mkononi. Yametosha.

Nakala mama ni kaunta buku la kwaya nne. Muuza duka ataelewa: kwaya hapa ni fungu la karatasi, siyo watu wa majoho. Mwalimu wetu wa zamani aliliandika kwa mkono miaka mingi, nota kwa bluu, maneno kwa nyeusi, na kwa nyekundu maagizo ya wapi pole na wapi nguvu. Kona yake ya chini ina alama ya kahawia ya maji ya Lumemo, yalipoingia nyumbani kwake msimu mmoja wa mafuriko. Wimbo wa mavuno una suke la mpunga pembeni, wa safari una mtumbwi, wa Noeli una nyota ya penseli ya rangi. Wageni huyaona mapambo. Sisi tuliokuwa na fotokopi zake tuliambiwa "kwenye mtumbwi!" na kwaya nzima ikafika ukurasa mmoja kabla mwalimu hajainua mkono, hata yule babu wa besi asiyeona namba bila miwani.

Sasa tuangalie ukurasa wenyewe wa namba 14, kama ulivyo kwenye kaunta buku. Mistari minne imepangwa kwa ghorofa: S juu, kisha A, T na B. Vistari vya vipimo vinashuka kutoka soprano hadi besi kama nguzo za nyumba. Kipimo cha tano soprano na alto wananyamaza, na hapo chini yao tena anaingia na maneno ambayo hayapo kwingine kokote katika wimbo mzima: anauliza swali. Kipimo cha saba besi anamjibu, naye kwa maneno yake mwenyewe, akishuka hatua kwa hatua mpaka do ya chini. Ndipo wote wanne wanakutana kwenye kiitikio, na kiitikio kinapata sababu ya kuwepo.

Kamati iliyoamua kukichapa kijitabu ilifanya nini? Ilimkabidhi mchapaji ukurasa huo ikamwambia atoe maneno. Mchapaji si mwanakwaya, akachukua yaliyo chini ya mstari wa juu. Swali la tena likapotea, jibu la besi likapotea, na sasa wimbo unasomeka kama mtu anayeshukuru kwa nguvu zote kabla hajapewa kitu. Mama mmoja wa alto, aliyekuwa kwenye benchi hilo tangu mimi niko kipaimara, alinishika mkono mlangoni baada ya Misa. "Mwanangu," akasema, "mbona mmetufanya wote soprano?" Sikuwa na jibu. Mimi sikuwa kwenye kamati, walishanitoa mwaka juzi kwa kosa la kuongea sana.

Sauti mbili kuimba maneno mawili kwa wakati mmoja si utundu wa mwalimu wetu. Guillaume de Machaut, mshairi, mtunzi na kanoni wa kanisa kuu la Reims, Ufaransa, aliyefariki 1377, ana moteti 23 za ufundi huo: sauti za juu zina mashairi tofauti yanayokwenda pamoja, na tena chini amebeba, mara nyingi, kipande cha wimbo wa kale wa kanisa. Tena enzi hizo ndiye alikuwa punda wa mizigo. Hata jina lake limetokana na neno la Kilatini la kushika. Tena wetu wanaotaka kupanda juu kuliko soprano kila Pasaka wapelekewe habari hizo. Lakini chukua moteti ya Machaut, chapa shairi la sauti ya juu peke yake, uone kama utasema umechapa moteti.

Miswada yake miwili iliyoko Maktaba ya Taifa ya Ufaransa, namba 1584 na 1586 za fungu la Kifaransa, nimeitazama kwenye simu, usiku wa bando la bei nafuu, nikikuza kwa vidole viwili. Ni vitabu vya ngozi, vilivyoshonwa kwa mafungu kama kaunta buku letu, vyenye picha za rangi na dhahabu. Picha wengi wanazijua. Mimi kilichonikesha ni mpangilio wa kazi. Kawaida ya waandishi wa enzi hizo, maneno yalitangulia. Zikafuata nota juu ya mistari yake, na mchoraji wa picha akaja nyuma. Yaani aliyeandika maneno alilazimika kujua tangu mwanzo kwamba silabi fulani itavutwa kwa nota nane au tisa, aiachie uwanja wake, na inayofuata aisogeze mbali. Alikuwa anaupimia nafasi muziki ambao haujatua bado kwenye ukurasa. Mchapaji wetu alipewa muziki uliokwisha kuandikwa, akaagizwa asiuone.

Kwenye moteti za miswada hiyo kila sauti ina eneo lake katika ukurasa, na herufi yake kubwa ya kuanzia, iliyopambwa, ili mwimbaji asitafute. Mtumbwi na suke la mpunga, kwa maneno mengine. Ipo pia rondo moja ya Machaut ambayo sauti zake zinasomwa mbele na nyuma, na katika miswada maneno yameandikwa juu chini, ukurasa wenyewe ukimwashiria mwimbaji kwamba hapa aanzie mwishoni. Hakuna mwalimu wa kusimama pembeni kueleza.

Kuna jambo moja tu ambalo sisi tulimzidi. Hata Misa ya Machaut ya sauti nne, ya kwanza kamili inayojulikana kuwa kazi ya mtunzi mmoja mwenye jina, iliandikwa kila sauti mahali pake. Mwimbaji hakuona mwenzake anakwenda wapi, alitegemea sikio. Sol-fa tuliyorithi kwa Waingereza wa karne ya 19, Sarah Glover wa Norwich na John Curwen aliyeieneza, haina dhahabu wala malaika, lakini inapanga sauti kwa ghorofa. Besi akiinua jicho anamwona alto akishuka, anajua ampishe. Mtu aliyelima siku nzima, asiye na kinanda nyumbani, anaweza kukaa na taa yake akaona sauti nne kwa mpigo mmoja wa jicho. Faida hiyo hata kanoni wa Reims hakuwa nayo kwenye ukurasa, na sisi tumeitupa kwa hiari.

Nao ubeti wa pili? Ubeti wa kwanza watu wanaukumbuka kwa sikio, lakini wa pili bila nota kila mtu anapachika silabi anapoona pana nafasi. Ndiyo maana siku ile "Baba" ilitoka mzito mwishoni, ba-BA, kama kilio cha mbuzi. Mkazo wa Kiswahili uko silabi ya pili kutoka mwisho. Pigo zito likidondokea kwingine neno linavunjika mguu. Padri Stephen Mbunga, aliyetuachia Misa Baba Yetu, na mwaka 1963 kitabu kizima juu ya sheria ya Kanisa na muziki wa Kibantu, alilichukulia suala la muziki wetu kanisani kuwa la kuandikiwa kwa makini. Tusingethubutu kumpelekea ba-BA.

Kamati ina hoja mbili. Ya kwanza karatasi: wimbo wa sauti nne unakula kurasa mbili, maneno yake robo tatu ya ukurasa. Kweli. Basi chapa nyimbo thelathini badala ya themanini. Kati ya hizo themanini naweza kuwatajia hamsini ambazo hatujaziimba tangu kivuko kilipokuwa bado kinavusha magari. Ya pili, vijana hawasomi nota. Hawasomi, na sasa hawatakuwa na cha kujifunzia. Tunao tena wawili wanaotoka ng'ambo, upande wa Ulanga. Enzi za kivuko mto ukijaa walikosa mazoezi wiki nzima, na hakuna aliyewalaumu. Siku hizi daraja lipo, saa kumi kamili wamefika, jasho halijawakauka, wanafungua kijitabu na kukuta hawana cha kuimba.

Kosa hili wasomi nao walilifanya, tena kwa mtu huyu huyu. Mwaka 1909 Vladimir Chichmaref alichapa Paris mashairi ya kuimbwa ya Machaut, majuzuu mawili, bila nota. Friedrich Ludwig alipoanza kutoa muziki ilikuwa 1926, na juzuu la mwisho likaonekana 1954, baada ya vita kuteketeza matayarisho yake. Na huyu ni mtunzi ambaye orodha ya mswada 1584 inatangulia kusema kwamba huo ndio mpangilio anaoutaka katika kitabu chake. Mwanzoni mwa mswada huo huo ipo picha ambayo Maumbile, bibi mkubwa, anamletea Machaut watoto wake watatu: Akili, Ufasaha na Muziki. Wamekuja pamoja, kwa mlango mmoja. Chichmaref nitamsamehe, alikuwa mtu wa lugha anayefanya kazi ya lugha, na Jumapili hakuwa na kwaya inayomsubiri.

Jumanne ya Juma Kuu niliazima kaunta buku. Nikakaa na kijitabu changu na kalamu ya bluu, nikaanza kunakili mstari wa tena pembeni mwa namba 14, kwa herufi ndogo kadiri macho yangu yanavyoruhusu. Nafasi ikaisha kipimo cha sita. Nikapandisha, nikazunguka kona, na jibu la besi likaangukia juu ya kichwa cha wimbo, limepinduka. Pasaka, katikati ya ubeti wa tatu, kijana wa jirani yangu akaniona nakigeuza.

"Mzee," akaninong'oneza, "umekishika juu chini."

"Najua. Besi ndiko walikohamia."