Fundi wa Memori wa Kabezi

Ukipeleka kompyuta kwa fundi siku hizi, ukamwambia gemu inakwamakwama, jibu utakalopewa kabla hujakaa ni "nunua nyingine". Kabezi, kando ya barabara ya Bujumbura kwenda Rumonge, yupo kijana asiyesema hivyo. Huwasha mashine, hubonyeza F2 au F10 kabla Windows haijaamka, kisha husoma kurasa za BIOS bila haraka.

Mashine zenyewe ni zile zilizozeekea maofisini Ulaya. Hazina kadi ya video, kwa hiyo picha hukopa nafasi kwenye RAM ya kawaida, na BIOS ndiyo inayopanga mkopo. Ukiipa picha kidogo mno, GTA San Andreas, iliyodai megabaiti 64 za memori ya picha tangu ilipofika kwenye kompyuta mwaka 2005, huchora nyumba wakati gari limeshapita. Ukiipa kupita kiasi kwenye mashine ya gigabaiti 1, Windows hukosa pa kukaa, hukimbilia diski, na mchezo unaganda.

Kijana huyu hubadilisha kitu kimoja tu, basi. Kisha hufungua gemu, huendesha gari lile lile njia ile ile, hutazama, huzima, huandika kwenye daftari la shule. Nimelishika daftari hilo. Safu ya kushoto ina jina la ubao mama, ya katikati kiasi cha memori, ya kulia maneno machache: "inakwama darajani", "sawa", na mahali pamoja, kwa wino mwekundu, "usirudie". Ukurasa mwingine unaeleza kwamba vipande viwili vya RAM vinavyolingana hushinda kimoja chenye ukubwa wa vyote viwili, maana picha hupita njia mbili kwa pamoja. Hakufundishwa chuoni. Alijaribu, akaona.

Ufundi huu una ukoo. Skrini ya Doom, mwaka 1993, ilikuwa nukta 320 kwa 200, yaani baiti 64,000, na kila baiti ilihesabiwa. BIOS za zama zile zilikuwa na swichi ya kuiruhusu prosesa kuweka memori ya video kwenye kashe yake. Wengi waliiwasha kwa uzuri wa jina. Lakini kadi nyingine zilibadilisha memori yao bila prosesa kujua, na skrini ikajaa takataka. Pentium Pro ya 1995 ilileta njia ya busara zaidi: prosesa isiihifadhi picha, bali ikusanye vipande vidogo vidogo vya data na kuvituma kwa mkupuo. Hapa Kabezi, ufukweni mwa ziwa, nani atatoa ndagala mtumbwini moja moja wakati beseni lipo? Hata hivyo BIOS nyingi ziliiacha njia hiyo imefungwa, mpaka watu kama John Hinkley wakaandika kiprogramu kidogo, FASTVID, kuifungua, na Quake ya 1996 ikakimbia kwenye mashine ile ile.

Leo watengenezaji hutoa gemu inayozidi gigabaiti 100 bila aibu, kana kwamba sote hatununui intaneti kwa megabaiti. Nasi wachezaji tunapakua programu za "kusafisha" kompyuta, zinazofuta kashe ya sheda, yaani maelekezo ya kuchora yaliyokwisha kutayarishwa, ambayo gemu imeijenga kwa jasho, halafu tunalalamika kwamba inakwama kila kona. Kesho tunasafisha tena.

Vijana wa jirani wamelipiga picha lile daftari kwa simu. Wamechukua safu ya namba tu. Ya ubao mama wameiona haina maana. Wanazipachika namba hizo kwenye mashine yoyote, kioo kikibaki cheusi wanasema imekufa, nayo inauzwa kwa kilo kama chuma chakavu, ilhali kuchomoa betri ndogo ya BIOS kwa dakika chache pengine kungeiamsha.