Swichi Inayoitii Breki

Kazi ya waya ilianzia puani. Fundi alichomoa kijiti cha kupimia oili ya gia, akakipangusa kwenye kitambaa cheupe, akanusa. Oili nzima huacha doa jekundu kama juisi ya rosela. Doa hili lilikuwa limeanza kuelekea rangi ya chai. "Haijaungua, Mama," akamwambia mwenye gari, "lakini imechemshwa sana."

Gari lilikuwa Hilux Surf ya dizeli ya miaka ya tisini, otomatiki, na mwenyewe huvuta nalo trela la mchele wa pishori kutoka Mwea hadi Nyeri. Aliyewahi kupita njia hiyo anaijua: unaacha joto la mpunga, unaanza kupanda, na hadi uone baridi ya Nyeri umeshakwea zaidi ya mita 500. Mimi nilikuwa nimeingia mtaa wa Majengo, Nyeri, kwa shughuli nyingine kabisa, lakini kwenye uga wa fundi wa umeme wa gari mtu hupewa benchi, hupewa chai na mahamri, na saa zinakwenda.

Tuseme kidogo juu ya ugonjwa wenyewe. Otomatiki haina klachi ya kukanyaga. Kati ya injini na gia boksi kuna konvata, chungu cha chuma kilichojaa oili. Mapanga ya upande wa injini huirusha oili, mapanga ya upande wa gia huipokea na kuzunguka. Ndiyo maana gari laweza kusimama kwenye foleni huku injini ikinguruma bila kuzimika. Lakini oili haikamati kama chuma. Pana kuteleza siku zote, na nguvu inayopotea katika kuteleza hugeuka joto. Hermann Föttinger, Mjerumani aliyesajili hataza ya mtambo huu mwaka 1905, alikuwa akifikiria meli, na baharini hakuna kilima. Kwenye magari, Packard ya Marekani ndiyo iliyotia klachi ndani ya konvata mwaka 1949, ili mwendo ukikolea pande mbili zishikane moja kwa moja na kuteleza kuishe. Mafundi wetu huiita lokapu.

Kwenye Surf hii mwenye kuamua ni kompyuta. Ikitaka lokapu ishike, hupeleka volti 12 kwa waya mmoja hadi kwenye solenoidi ndani ya gia boksi. Haijui habari za magunia ya mchele. Kilimani dereva hukandamiza mafuta, kompyuta huachia lokapu, na oili huchemka pale pale ilipohitaji kupumzishwa. Mama alitaka swichi ya kuishikisha mwenyewe.

Fundi alifungua plastiki chini ya dashibodi, akavuta shada la waya lenye unene wa kifundo cha mkono. Alikuwa na mchoro, ila rangi za waya hakuziamini. Gari la karibu miaka thelathini, alisema, limepita mikono mingi, na kila mkono uliacha waya wake. Alichomoa plagi, akagusisha mita kati ya waya aliodhania na bodi ya gari: omu 13. Solenoidi za aina hii husoma kati ya 11 na 15. Hata hapo hakuridhika. Alimtuma kijana wake alale chini ya gari, sikio karibu na gia boksi, injini imezimwa, kisha akaupa waya umeme wa betri kwa kupepesa jicho tu.

"Umesikia?"

"Tik."

Akaupa tena. "Tik," kijana akajibu kabla ya kuulizwa. Hapo ndipo mkasi ulipotoka.

Kuanzia hapa mtu wa haraka angemaliza kwa robo saa: kata waya, leta umeme wa betri kupitia swichi, chukua pesa. Nimeiona kazi ya namna hiyo, na kweli lokapu hushika. Shida huja dereva anapoisahau swichi. Anakuta tuta, anakanyaga breki, na kwa kuwa injini na magurudumu vimefungana, gari huruka na kuzimika kama la mtu aliyesimama akiwa kwenye gia bila klachi. Usukani unakuwa mzito, na trela liko nyuma linasukuma.

Fundi alitumia rilei mbili, yaani swichi zinazovutwa na umeme. Swichi ikiwa imezimwa, waya wa kompyuta unapita ndani ya rilei na kwenda zake hadi kwenye solenoidi, kama ulivyotoka kiwandani. Ikiwashwa, rilei ya kwanza inaipa solenoidi umeme wa swichi ya ufunguo kupitia fyuzi ya ampea 5. Ya pili inaugeuza waya wa kompyuta kuelekea kwenye rezista ya omu zile zile, ili kompyuta iendelee kudhani inazungumza na solenoidi yake, isije ikaandika kosa namba 64. Rezista hiyo ni ya kauri, nene kama kidole, kwa sababu huenda ikabeba zaidi ya wati 10; aliifunga kwa skrubu kwenye chuma, mbali na zulia. Maungio yote aliyalehemu kwa risasi na kuyavika mpira unaosinyaa kwa joto. Tepu hakuigusa.

Kisha likaja jambo lililonifanya niweke kikombe chini. Mikia ya rilei zote mbili, yaani nyaya za kurudishia umeme, ambayo mtu yeyote angeifunga kwenye bodi, yeye aliipeleka kwenye waya wa taa za breki.

Nilimwuliza kwa nini. Alichukua balbu kuukuu, akanionyesha uzi wake. Breki isipokanyagwa, umeme mdogo wa rilei hupita ndani ya uzi huo hadi kwenye bodi, mdogo mno hata balbu haing'ai. Rilei inashika. Ukikanyaga breki, waya ule ule unajaa volti 12. Sasa rilei ina volti 12 kichwani na 12 mkiani, haina pa kuzipeleka, inaachia. Hakuongeza swichi yoyote kwenye pedali. Taa za nyuma zilizokuwepo tangu gari lizaliwe zimepewa kazi ya pili, na wala hazina habari.

Tulitoka kulijaribu kwenye barabara ya Mweiga, trela tupu nyuma. Kwenye mwinuko alipunguza mafuta kidogo kabla ya kubonyeza swichi, maana klachi ile ndani ina ngozi nyembamba na haipendi kushikishwa kwa kishindo. Sindano ya mizunguko ilishuka kwa mia tatu hivi, mlio wa injini ukawa mzito na mtulivu. Akaigusa pedali ya breki kwa kidole cha mguu. Sindano ikaruka juu. Akaiachia, sindano ikarudi.

Tuliporudi alirudisha plastiki zote, skrubu kwa skrubu. Kilichoonekana ni swichi moja ndogo kando ya usukani, na Mama akaiangalia kama mtu anayejiuliza pesa zake zimekwenda wapi.

"Usiishikishe ukianza kuondoka, wala mjini," fundi akamwambia. "Na Mama, ukitaka kubadilisha balbu za nyuma uweke hizi za LED, pitia kwangu kwanza."