Fungua Kwanza Ukurasa wa Muda

Majuzi, kwenye kikao cha wanafunzi wa sheria pale Ukunda, kijitabu kimoja cha torti kilisifiwa mpaka kikapigiwa makofi. Kurasa zake hazifiki mia, kila kesi imepewa mstari mmoja na nusu, na Kilatini chote kimekolezwa wino. Waliokisifu wamefaulu mtihani nacho, na kufaulu kwao ni haki yao. Lakini kesho hao hao watakaa nyuma ya meza Kwale au Msambweni, mbele yao mama ambaye mwanawe amegongwa na tuktuk, na watamshauri kwa sheria ya Uingereza wakidhani ni ya Kenya. Hilo ndilo linaloniudhi.

Kitabu kikuu sikijadili. Winfield ni Winfield tangu 1937, na asiyeweza kumaliza sura yake ya uzembe atafute kozi nyingine. Nazungumzia kitabu cha pembeni, kile anachonunua mwanafunzi ili aelewe alichosikia darasani. Hapo ndipo pesa za wazazi huteketea.

Mnunuzi mgeni hukimbilia kesi ya konokono, Donoghue dhidi ya Stevenson ya 1932. Akiona imeelezwa vizuri, analipa. Kesi hiyo haipimi kitu, kwa sababu hata mwandishi mvivu haikosei. Wewe fungua ukurasa wa muda wa kufungua kesi. Kwa kawaida umesukumwa mwisho kabisa, baada ya fidia, ndiyo maana wanafunzi hawausomi na wanaonakili huuchukua ulivyo, bila kubadilisha herufi. Uingereza, kwa Sheria ya 1980, torti kwa jumla ina miaka 6, na majeraha ya mwili miaka 3. Kwetu, kifungu cha 4 cha Sura ya 22 ya Sheria za Kenya kinatoa miaka 3 kwa torti, na miezi 12 kwa kashfa. Miaka 6 kwetu ni ya mkataba. Ukiishtaki Serikali kwa torti, Sura ya 39 inakuachia miezi 12 peke yake.

Sasa mchukue mkulima wa Lungalunga ambaye maji ya jirani yamemharibia shamba. Anakuja kwa wakili mwaka wa pili. Wakili aliyelelewa na kile kijitabu anamwambia asiwe na haraka, wajaribu kwanza kusuluhishana kwa wazee. Mwaka wa nne wanafika mahakamani na kesi inatupwa kabla shahidi hata mmoja hajaapishwa. Kosa lilianzia kwenye tarakimu moja.

Kipo pia kitabu kinachoandika 3 sawasawa kisha kikanyamaza kuhusu Serikali. Nacho kirudishe rafuni. Lori la Serikali likimvunja mguu mchuuzi wa samaki barabara ya Likoni kwenda Lungalunga, mwezi wa 13 mlango umeshafungwa. Kitabu chema hakiishii hapo: kitakupeleka kifungu cha 27 cha Sura ya 22, kinachomruhusu aliyeumia bila kuyajua mambo muhimu ya kesi yake aombe ruhusa ya mahakama muda ukiwa umepita. Nikiukuta ukurasa huo umeandikwa kwa uangalifu, kilichobaki hununua kwa imani, na sijawahi kuona mwandishi makini pale akawa mzembe kwingine.

Wakili mzee aliyenifunza kazi Mombasa alipima hivyo hivyo. Alikipokea kitabu chako, hakutazama jalada, akakigeuza kinyumenyume mpaka kwenye muda, akasoma kimya, akakurudishia. Akikiweka mezani mwake badala ya kukurudishia, ulijua umenunua vyema. Siku hizo Winfield moja ilipita mikono mingi, na penseli za waliotangulia pembezoni zilifundisha kuliko muhtasari wowote unaotumwa leo kwenye simu.

Matapeli nao wapo. Niliwahi kuonyeshwa makabrasha ya kutoa kopi, yamejaladiwa vizuri, ambamo kila pauni ilikuwa imegeuzwa shilingi na idadi ikaachwa vilevile, hata mguu uliokatika ukawa na thamani ya nauli ya matatu. Ndani yake kulikuwa na kesi iliyonukuliwa kama EACA ya 1963. Ripoti za EACA, za Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki, ziliishia 1956. Kuanzia 1957 ni EA. Aliyeandika hivyo hajawahi kufungua hata moja.

Baada ya muda, jambo la pili la kutazama ni wajibu wa wenye majengo. Sura ya 34 yetu inafuata Sheria ya Uingereza ya 1957. Ile ya 1984, inayowalinda walioingia bila ruhusa, haikufika kwetu: sheria za jumla za bunge lao tulizorithi ni zilizokuwapo 12 Agosti 1897. Mtoto akiruka ua wa hoteli Diani akatumbukia bwawani, hoja yako inajengwa kwa kesi, kutoka Addie ya 1929 hadi Herrington ya 1972. Kitabu kinachokupa 1984 bila onyo kimekudanganya.

Kisha kesi za kwetu. Bila Karisa dhidi ya Solanki ya 1969 juu ya mwenye gari na dereva wake, na Khambi dhidi ya Mahithi ya 1968 juu ya kugawa lawama, hicho si kitabu cha torti cha Kenya. Na kitaje ndovu. Anayeishi kandokando ya Shimba Hills anapaswa kujua kwamba Sheria ya Wanyamapori ya 2013 imeweka milioni 5 kwa kifo, milioni 3 kwa ulemavu wa kudumu, na kwamba dai huanzia kwenye kamati ya kaunti.

Michoro ya rangi haifai kwenye torti. Kurasa zisizidi 300. Fahirisi iwe ndefu.

Ukiniuliza ninunue nini, nitakutuma kwa vitabu vikuukuu: East African Cases on the Law of Tort cha Veitch, cha 1972, kwa sababu kinakupa maneno ya majaji wenyewe, na Measure of Damages for Bodily Injuries cha Kuloba. Viwango vya fidia vya Kuloba vimeliwa na mfumuko wa bei, usivinukuu mbele ya hakimu. Soma jinsi anavyotenganisha maumivu, kipato kilichopotea na gharama za matibabu, halafu tafuta hukumu za karibuni za Kenya Law, ambazo zinasomwa bure, ujaze tarakimu za leo.