Pongezi kwa Kamati ya Hanna Nassif

Atakaye kujua jinsi raia wa kawaida, asiye mhandisi wala mwenye cheo serikalini, awezavyo kuuimarisha mtaa wake, na aitazame Hanna Nassif ya Kinondoni, Dar es Salaam, mtaa uliojengwa bila ramani kando ya bonde la Msimbazi, ambako mafuriko ya masika yalikuwa yakiingia majumbani bila hodi. Huko, katika miaka ya 1990, wakazi walichagua kamati yao wenyewe, na kwa msaada wa Shirika la Kazi Duniani pamoja na wataalamu wa Chuo cha Ardhi, wakapewa mkataba wa kuchimba mitaro na kutengeneza barabara kwa nguvu za mikono, kwa ujira, wanawake wakiwa bega kwa bega na wanaume. Nalistahi mno sharti hilo la ujira. Kwani tumezoea kuita kujitolea kazi ambayo, lau ingalifanywa na mkandarasi, ingalilipwa fedha taslimu. Tena aliyeshika sururu mtaroni hahitaji askari wa kumhimiza amkemee jirani amwagaye taka humo. Halmashauri zetu na ziwaite wakazi kabla ya kuchora ramani, wala si baada yake.